Uzi: Msumeno mpya una kilowati nyingi na uzito mdogo, mbona kwenye gogo nene unashindwa na wa zamani?

#1 Mkata Magogo

Salaam wanajukwaa.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikichagua misumeno ya mnyororo kwa hesabu moja tu: nachukua uzito ulioandikwa kwenye katalogi, naugawa kwa kilowati, na msumeno unaotoa jibu dogo ndio ninaouhesabu kuwa bora. Kwa hesabu hiyo Stihl MS 500i, wenye kilowati 5.0 na kilo 6.2, unapata kilo 1.24 kwa kila kilowati. Husqvarna 592 XP, kilowati 5.6 kwa kilo 7.4, unapata 1.32. MS 462 unapata 1.36, Husqvarna 572 XP unapata 1.53, na majitu kama 3120 XP, lenye kilo 10.4 na kilowati 6.2, yanafika 1.68. Ukiipanga hivyo unadhani huna tena la kuuliza.

Lakini nimekutana na jambo ambalo hesabu hii hailielezi. Nina misumeno miwili ya cc 70 na ushei. Chapa sitazitaja, kwa sababu sijajua kama kosa ni la msumeno au ni langu. Mmoja ni wa zamani, una kilowati 4.0 na kilo 6.6. Mwingine ni mpya, una kilowati 4.4 na kilo 6.0. Wiki iliyopita nilipata gogo kavu la mti mgumu, unene wake sentimita 55, nikakata vipande vitano kwa kila msumeno huku kijana wangu ameshika saa. Wa zamani ulitangulia kumaliza mara zote tano, kwa tofauti ya sekunde tatu hadi nne.

Kwenye matawi na miti myembamba ule mpya hauna mpinzani. Ila ukiingia ndani ya gogo nene na kuukandamiza kidogo, sauti inashuka, cheni inapungua kasi, nami nalazimika kuunyanyua ili upate pumzi. Ule mzee unanguruma tu na kuendelea. Naomba mwenye kuelewa anieleze sababu.

#2 Tupa Mkononi

Kabla hatujafika kwenye sababu, hesabu yenyewe ina tundu. Uzito ulioandikwa kwenye katalogi ni wa msumeno ukiwa uchi: hauna baa (ule ubao wa chuma unaozungukiwa na cheni), hauna cheni, hauna petroli wala oili. Hakuna mtu anayefanya kazi na msumeno wa namna hiyo. Baa ya sentimita 50 au 60 pamoja na cheni yake inakuongezea kilo moja na nusu hadi mbili, kutegemea kama ni baa nzito ya chuma kizima au ile nyepesi iliyotobolewa ndani. Tangi la lita 0.8 likijaa petroli linaongeza takribani kilo 0.6, na oili ya cheni inaongeza kama kilo 0.35. Kwa hiyo msumeno wako wa kilo 6.0 unauinua ukiwa na zaidi ya kilo 8, na ule wa kilo 6.6 unakaribia 9.

Gawa upya kwa uzito huo uone. Tofauti uliyoiona kubwa inapungua, kwa sababu kilo mbili na nusu zilizoongezeka ni zile zile kwa misumeno yote miwili.

#3 Mkata Magogo

Ahsante, Tupa Mkononi. Nimepima kwa mizani ya kuning'iniza, ikiwa imejazwa yote: mpya kilo 8.5, wa zamani kilo 9.2. Baa zote ni za sentimita 50. Hata hivyo swali langu halikuwa juu ya mabega yangu, lilikuwa juu ya gogo. Mzito na dhaifu anawezaje kukata haraka?

#4 Mwalimu wa Mashine

Ni kwa sababu kilowati za katalogi ni za nukta moja tu. Mtengenezaji anaipima injini kwenye kifaa cha kupimia, anatafuta mzunguko ambao nguvu inafika kileleni, kisha anaandika namba hiyo. Haelezi nguvu inaporomoka vipi ukishuka chini ya kilele.

Tufanye mfano. Tuseme msumeno wako mpya unatoa kilowati 4.4 kwenye mizunguko 10,000 kwa dakika, na wa zamani unatoa kilowati 4.0 kwenye mizunguko 9,000. Nguvu ya msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, hupatikana kwa kuzidisha kilowati kwa 9,549 na kugawa kwa mizunguko. Mpya unapata nyutoni-mita 4.20, wa zamani unapata 4.24. Unaona? Kwenye msokoto wenye kilowati chache ndio uliotangulia, ingawa kwa kiasi kidogo. Sasa ukikandamiza, mizunguko ikashuka hadi 8,000, ule ambao msokoto wake unazidi kupanda kadiri unavyolemewa utang'ang'ana, na ule ambao kilele chake kiko juu utazama. Hicho ndicho unachokisikia kwenye sauti.

#5 Kumbikumbi

Nakuheshimu Mwalimu, lakini hapa sikubaliani nawe. Kinachoondoa mbao ni nguvu, yaani kazi kwa muda, si msokoto peke yake. Kama msumeno mpya una kilowati nyingi kwenye mizunguko 10,000, basi mkataji audumishe hapo hapo, asiukandamize. Mkata Magogo ameshakiri mwenyewe kwamba anaukandamiza. Misumeno ya kisasa inataka mkono mwepesi: unaiacha cheni ivute yenyewe. Mtu aliyezoea mashine za zamani huwa anasukuma kwa mwili mzima kama anafungua mlango uliokwama, kisha analaumu mashine.

#6 Mkata Magogo

Kumbikumbi, huo mlango uliokwama umenigusa kweli, maana nimeanza kazi hii na misumeno mizito sana. Hata hivyo, jambo ambalo sikulisema mwanzoni, katika vile vipande vitano, viwili nilimwachia kijana wangu akate, na yeye amejifunzia kwenye huu mpya. Matokeo hayakubadilika.

#7 Tupa Mkononi

Mnakimbilia injini kabla ya kuangalia meno. Mimi kazi yangu ni kunoa, na naweza kusema kwamba misumeno mingi inayoletwa kwangu kwa madai ya kuishiwa nguvu huwa haina tatizo lolote la injini. Mkata Magogo, je, ulitumia cheni ile ile kwenye misumeno yote miwili? Kama hukufanya hivyo, ulichopima ni cheni.

Angalia vinundu vilivyo mbele ya kila jino, vile vinavyoamua jino lichukue mbao kiasi gani. Kwa cheni ya 3/8 (sehemu ya inchi, inayoonyesha nafasi kati ya viungo vyake) kipimo cha kawaida ni milimita 0.65 chini ya ncha ya jino. Vikichongwa kupita hapo, kila jino linang'ata pande kubwa, msumeno unashtuka na kuzama, hasa kwenye mti mgumu na mkavu. Vikiwa juu mno, jino linaparaza tu na kutoa unga badala ya maranda. Chukua kile kinachotoka chini ya baa ukitazame kwenye kiganja: ukiona unga, usiulize habari za kilowati.

Tena hesabu meno ya sproketi, lile gurudumu linaloivuta cheni. Yenye meno 7 kwa cheni ya 3/8, injini ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, inakupa mwendo wa cheni wa karibu mita 22 kwa sekunde. Yenye meno 8 inakupa karibu mita 25, lakini kwa kuutoza msokoto. Ni sawa na kupanda mlima kwa baiskeli ukiwa kwenye gia kubwa.

#8 Mkata Magogo

Sproketi zote mbili zina meno 7. Cheni zilikuwa mbili tofauti, zote za 3/8, zote nimezinoa mwenyewe. Nikuambie ukweli, sikuwa nimepima vile vinundu. Nimepima jioni hii, na kwenye cheni ya msumeno mpya baadhi vimeshuka kufikia milimita 0.9. Kesho nitahamisha cheni.

#9 Binti Msituni

Naomba niongeze upande ambao wanaume wengi hapa hawauzungumzii. Mimi kazi yangu kubwa ni kuondoa matawi kwenye miti iliyokwisha kuanguka. Kwa siku nauinua na kuugeuza msumeno mara mamia, kushoto, kulia, juu ya shina, chini ya shina. Kwangu mimi uzito wa mizani ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni pale uzito ulipokaa. Nimewahi kushika msumeno wa kilo 5 uliokuwa ukivuta pua chini, nikachoka kabla ya saa nne asubuhi, na nimewahi kushika wa kilo 5.5 uliotulia kwenye mshikio wa mbele kana kwamba unaelea. Tena baa ndefu inaharibu mizani hiyo upesi, kwa sababu gramu 300 zilizo kwenye ncha ya baa zinalemea kifundo cha mkono kuliko gramu 300 zilizo kwenye silinda.

Kuna na jambo la flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Kitu kinachozunguka kwa kasi hakipendi kugeuzwa. Ukiwa na flaiwili nzito unahisi msumeno unakubishia unapougeuza ubavu. Misumeno mipya imepunguza uzito huo ndani ya injini, na ndiyo sababu kwenye matawi inaruka kwa wepesi. Kwa MS 500i mtengenezaji anadai cheni inatoka kwenye kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa robo ya sekunde. Kwa mtu wa matawi, hilo lina thamani kuliko kilowati ya ziada.

#10 Gurudumu

Binti Msituni ametoa jibu la uzi huu bila kukusudia. Flaiwili nzito na mkono wa krenki mzito vinahifadhi nishati. Msumeno wa zamani unapokutana na fundo ndani ya gogo, ile nishati iliyohifadhiwa inauvusha. Mpya hauna akiba, kwa hiyo unazama. Umeuziwa wepesi kwa gharama ya uvumilivu.

#11 Mwalimu wa Mashine

Gurudumu, hoja yako inavutia, ila tuipitishe kwenye hesabu. Chukua flaiwili ya nusu kilo yenye kipenyo cha sentimita 10, tuichukulie kama sahani iliyo sawa pande zote. Kwenye mizunguko 10,000 kwa dakika inabeba takribani jouli 340 za nishati. Ikishuka hadi mizunguko 9,000 inaachia kama jouli 65. Injini ya kilowati 4 inatoa jouli 4,000 kila sekunde. Kwa hiyo akiba yako yote inakwisha kabla ya kutimia sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Inaweza kulainisha mshtuko wa fundo moja, nakubali, lakini haiwezi kueleza sekunde tatu au nne katika mkato mzima.

#12 Gurudumu

Mwalimu, fundo si moja. Kila jino linalogonga mbao ni mshtuko mdogo, na kila mshtuko flaiwili inaulipia kisha injini inairudishia. Hesabu yako ni ya mkopo mmoja, wakati gogo linakopa kila wakati na kulipa kila wakati.

#13 Mwalimu wa Mashine

Anayelipa madeni yote hayo bado ni injini. Ila nakiri kwamba mtetemo wa mizunguko ndani ya mkato sijawahi kuupima, na nisingependa kubishana kwa kitu ambacho sijakipima.

#14 Mbao Ngumu

Nimefanya kazi sehemu za mwinuko mkubwa na pia sehemu za chini karibu na usawa wa bahari, na ninashangaa hakuna aliyeuliza Mkata Magogo yuko juu kiasi gani. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 78 ya lile la usawa wa bahari. Injini inavuta hewa pungufu kwa kiasi hicho, na kilowati zako 4.4 zinakuwa karibu 3.5. Katalogi haiandiki hivyo, kwa sababu vipimo vinarekebishwa kulingana na hali ya hewa ya kiwango kimoja.

#15 Kumbikumbi

Ni kweli, lakini msumeno wa zamani nao unavuta hewa hiyo hiyo. Wote wawili wanashuka pamoja.

#16 Mbao Ngumu

Wanashuka pamoja kama wote wamewekwa sawa. Ule wa zamani una kabureta ya skrubu, na bila shaka Mkata Magogo ameshaukaza na kuulegeza hadi akapata sauti aipendayo. Mpya unajirekebisha wenyewe kwa kompyuta yake ndogo, lakini nao unahitaji kufundishwa: ukiuhamisha mahali, au ukibadilisha filta, unatakiwa kuukatisha mbao nzito kwa muda ili utafute mchanganyiko wake. Ukiukatisha matawi tu kila siku, unajifunza maisha ya matawi. Kompyuta hiyo pia hairudishi hewa isiyokuwepo. Inachofanya ni kupunguza petroli ilingane na hewa iliyopo.

#17 Msafiri wa Zamani

Mabishano haya yamenikumbusha tulikotoka. Mwaka 1929 Andreas Stihl alitoa msumeno wa petroli wa kuangushia miti uliokuwa na kilo 46 na nguvu za farasi 6. Mwaka 1959 ukaja Contra, wa mtu mmoja, kilo 12, nguvu za farasi 6 zile zile. Sasa angalieni: farasi 6 za kipimo cha Ulaya ni kilowati 4.4, yaani namba ile ile ya msumeno mpya wa Mkata Magogo, wenye kilo 6.0. Kwa hesabu yake ya mwanzo tumetoka kilo 10.5 kwa kila kilowati, tukafika 2.7, sasa tuko 1.36. Nguvu haikuongezeka hata chembe katika mfano huu. Kilichopungua ni chuma.

#18 Mzee wa Dolmar

Ndugu Msafiri, usianzie historia katikati. Emil Lerp aliujaribu msumeno wake wa petroli mwaka 1927 kwenye mlima Dolmar, huko Thuringia, Ujerumani, na ndipo jina la chapa lilipotoka. Ulikuwa na kilo 58 na nguvu za farasi 8, na ulishikwa na watu wawili. Ukigawa unapata kilo 9.9 kwa kilowati, kwa hiyo ingawa ulikuwa mzito zaidi, kwa kipimo cha uzi huu uliushinda ule wa 1929.

#19 Msafiri wa Zamani

Nimesahihishwa, na napokea kwa mikono miwili. Jina lako lilipaswa kunitahadharisha.

#20 Tupa Mkononi

Kwa kuwa mmetaja farasi, tahadhari moja. Farasi wa Ulaya na farasi wa Marekani hawalingani. Kilowati moja ni farasi 1.36 kwa kipimo cha kwanza na 1.34 kwa cha pili. Tofauti ni ndogo, lakini nimeona watu wakilinganisha kijarida cha nchi moja na cha nchi nyingine, wakaamini kwamba toleo fulani limeongezwa nguvu, kumbe injini ni ile ile. Linganisheni kwa kilowati.

Pia uzito haukuwa ukishuka tu mwaka hadi mwaka. Stihl MS 440 ulikuwa na kilo 6.3. Ukaja MS 441 wenye kilo 6.6, kwa sababu injini ya moshi mchache na mfumo bora wa kuzuia mtetemo vilihitaji nafasi na chuma. Kisha MS 462 ukashuka hadi 6.0. Kuna waliosema mwaka ule wa 441 kwamba teknolojia imerudi nyuma, na kwa mtu aliyepima kwa mizani peke yake walikuwa na haki.

#21 Mkono Mweupe

Tupa Mkononi amegusia mtetemo, nami naomba mnivumilie, maana hili nimelilipia. Nilifanya kazi miaka kumi na sita na misumeno yenye nguvu ambayo raba zake za kuzuia mtetemo zilikuwa zimekwisha. Leo asubuhi ya baridi vidole viwili vya mkono wa kushoto vinageuka vyeupe kama chaki, kuanzia ncha hadi pingili ya pili, na siwezi kufunga kifungo cha shati mpaka nivitie kwenye maji ya vuguvugu.

Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya mwaka 2002, uliweka mita 2.5 kwa sekunde ya mraba kuwa kiwango cha wastani wa mtetemo kwa siku ya saa nane ambacho kikifikiwa mwajiri lazima achukue hatua, na mita 5 kuwa kikomo. Msumeno wenye mtetemo wa mita 5 kwenye mshikio unakufikisha kwenye kile kiwango cha kwanza kwa saa mbili tu za kukata. Mnapogawa kilo kwa kilowati, tafadhali someni na mstari wa mtetemo, uko kwenye ukurasa ule ule. Msumeno uliopunguzwa uzito huku nguvu ikibaki juu una chuma kichache cha kumeza mtetemo huo, kwa hiyo kila kitu kinategemea raba na springi zake.

#22 Binti Msituni

Pole sana, Mkono Mweupe. Nimeingia stoo baada ya kusoma ujumbe wako na nimekuta raba moja ya msumeno wangu imechanika upande wa chini. Nilikuwa nadhani ni kelele tu. Nitaibadilisha kabla sijauwasha tena.

#23 Mkata Magogo

Nimerudi na matokeo. Nimevua cheni ya msumeno wa zamani nikaivalisha mpya, gogo lile lile, unene ule ule. Tofauti imepungua hadi sekunde moja na nusu, lakini wa zamani bado unatangulia. Kwa hiyo Tupa Mkononi amepata zaidi ya nusu ya jibu, na nimeona aibu kidogo kwa vile vinundu. Hiyo sekunde moja na nusu ni ya nani?

Kwa swali la Mbao Ngumu: niko juu kidogo ya mita 1,500, na ni kweli kwamba msumeno mpya umeishi kwenye matawi tangu niufungue.

#24 Fundi Silinda

Una matangi mangapi ya petroli ndani yake? Msumeno mpya hauko tayari siku ya kwanza. Ringi za pistoni zinahitaji muda wa kukaa vizuri kwenye ukuta wa silinda, na kabla ya hapo mgandamizo haujafika kileleni. Mimi huwa sihukumu msumeno kabla haujamaliza matangi kumi. Wa zamani umeshalainika miaka mingi.

#25 Mkata Magogo

Umemaliza kama matangi manane.

#26 Kumbikumbi

Basi suala limekwisha, subiri mawili mengine.

#27 Umeme Kwanza

Naona wote mnazungumza kama petroli ndiyo njia pekee. Stihl MSA 300 wa betri una kilowati 3.0, sawa na MS 261 wa petroli, na injini ya umeme inatoa msokoto wake tangu mzunguko wa kwanza. Haujui mwinuko, hauna ringi za kusubiri, hauna kabureta ya kufundisha. Maswali manne ya uzi huu yangekufa papo hapo.

#28 Tupa Mkononi

Umeme Kwanza, taja na kilo. MSA 300 una kilo 4.5 bila betri, na betri yake kubwa inaongeza karibu kilo 2. Betri hiyo ina wati-saa 337. Ukiukatisha kwa nguvu yote ya kilowati 3 mfululizo, hesabu inakupa chini ya dakika saba. Lita moja ya petroli ina takribani kilowati-saa 9 za joto, na hata injini ikitupa sehemu kubwa ya joto hilo hewani, kinachobaki bado kinaiacha betri mbali.

#29 Umeme Kwanza

Hakuna anayekata dakika saba mfululizo. Unakata, unasogea, unatazama, unakata tena, na wakati unasogea injini ya petroli inaendelea kunywa huku yangu imezima. Ila kwa gogo la sentimita 55 la mti mgumu, siku nzima, nakubali kwamba bado nisingeuchukua peke yake.

#30 Mpasuaji

Nimesoma yote, na naona maelezo mamoja mepesi kuliko yote yameachwa. Mkata Magogo alikuwa akikata gogo lililolala, kutoka juu kwenda chini. Katika mkato wa namna hiyo uzito wa msumeno wenyewe ndio unaosukuma cheni ndani ya mbao. Ule wa zamani una gramu 700 zaidi kwa kipimo chake cha #3. Gramu hizo hazichoki na hazitetereki. Mkono wa mtu unasukuma kwa vipindi, mara zaidi, mara pungufu, na kila anapozidisha, msumeno mwepesi unazama. Uzito tulioulaani tangu ujumbe wa kwanza ndio uliomshindia.

Namna ya kulipima jambo hili ni rahisi. Kata kutoka chini kwenda juu, kwa upande wa juu wa baa. Hapo uzito haumsaidii yeyote. Simama imara, na ncha ya baa iwe mbali na kitu chochote, kwa sababu msumeno mwepesi wenye nguvu ukirushwa nyuma haukupi muda wa kufikiri.

#31 Mwalimu wa Mashine

Jaribio zuri. Ninaongeza sharti moja: mkataji awe mmoja, na asiambiwe matokeo ya mkato uliotangulia.

#32 Mkata Magogo

Nimefanya leo, kijana wangu akikata yote na mimi nikishika saa bila kumwambia kitu. Vipande vitatu kwa kila msumeno, kutoka chini kwenda juu, cheni ile ile. Mpya umetangulia mara mbili kwa sekunde kama moja. Mara moja wamelingana.

#33 Mpasuaji

Nadhani hilo linajieleza.

#34 Gurudumu

Halijielezi hata kidogo. Ukikata kutoka chini mtu hukandamiza kidogo, kwa hiyo mizunguko inabaki juu, pale ambapo kilowati 4.4 zipo. Ukikata kutoka juu unakandamiza sana, mizunguko inashuka, na hapo flaiwili inaamua.

#35 Mwalimu wa Mashine

Au msokoto unaamua. Jaribio hili linaturudisha kwenye #4 kama linavyompeleka Mpasuaji kwenye #30.

#36 Fundi Silinda

Na matangi sasa yatakuwa tisa au kumi. Jaribio la kwanza lilifanywa na injini changa, hili limefanywa na injini iliyoanza kukaa vizuri. Rudia ule mkato wa juu kabla hamjagawana ushindi.

#37 Mkata Magogo

Nitarudia Jumamosi, gogo bado lina kama mita mbili. Lakini naona bila kujua mizunguko ndani ya mkato tutazidi kuzunguka. Kuna mwenye kipima mizunguko ambaye anaweza kunieleza kinavyotumika wakati mtu anakata?

#38 Mbao Ngumu

Ninacho. Waya wake unauzungusha mara mbili au tatu juu ya waya wa plagi, unaufunga kwa utepe usiguse eksozi, na kioo chake unakibandika juu ya kifuniko mahali kijana wako anapoweza kukisoma wewe ukiwa unakata. Asome namba kila sekunde mbili, aziandike zote, hata zile zinazoonekana kama makosa. Na kabla ya kuanza, msumeno mpya ukate gogo hilo hilo kwa dakika kumi kwanza, ili usahau matawi.